Katekista wa Misukule

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe nililimalizia dirishani, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje. Nasema mapema ili msomi asije akanitafutia makosa halafu akadhani amegundua kitu. Mashine yangu ya kusaga haikuniuliza cheti. Nyumba yangu ya bati la rangi, ya kwanza mtaani kwetu Milanzi, haikuniuliza cheti. Na banda la video nililijenga kwa mabanzi na turubai la lori nikiwa sijui neno moja la Kiingereza. Ndiyo maana nilimtafuta Katekista.

Alizaliwa wapi na wa ukoo gani, kaulizeni parokiani. Ninachojua mimi ni kwamba alinichekesha miaka mingi, akanisema mbele za watu, na kwa ajili ya kinywa chake watu wakaacha kula nyumbani kwangu. Hilo la mwisho si dogo. Huku kwetu mtu akikataa chakula chako amekuambia, bila kufungua mdomo, kwamba wewe ni mchawi. Na mchawi wa aina gani, hilo lilijulikana. Walisema ninafuga misukule.

Kwa asiyejua, msukule ni mtu aliyekufa, watu wakalia, wakazika, kumbe kaburini limelala gogo la mgomba, na mwenyewe yuko kwa mchawi amekatwa ulimi, analishwa pumba, analima shamba lisilo lake. Wazungu nao wana wa kwao, wameweka kwenye filamu. Vijana huwaita zombi. Sisi bandani tuliwaita misukule tu, hatukuona sababu ya kuwapa jina jipya watu tunaowafahamu. Filamu za ngumi zilijaza nusu ya mabenchi. Za misukule zilijaza mabenchi, na waliokosa nafasi wakatoboa turubai langu.

Katekista nilimchukua kwa sababu ya sauti. Alikuwa amezunguka vigango vyote vya bonde na mlima akiongoza ibada za Jumapili mahali padre hafiki, bila kipaza sauti, mtoto analia huku mbuzi anapita kule, na bibi wa benchi la mwisho akasikia mpaka nukta. Nilimwambia nataka mtu wa kutafsiri. Akaniuliza kama kuna chai. Nikasema ipo. Akasema basi anajua Kiingereza.

Hakukijua. Mimi nilikuja kugundua baada ya mwaka, siku mwalimu mmoja wa sekondari alipoingia kukwepa mvua. Kwenye filamu mganga wa Kizungu, koti jeupe, alikuwa anamweleza askari jambo kwa uchungu. Katekista akatafsiri: huyu ni bwana shamba, anamwambia askari kwamba mbolea ya ruzuku imekwisha, watu wapange foleni kesho. Askari akapiga meza. Katekista akasema: askari anauliza, kwani ya juzi aliipata nani? Banda zima likaguna. Mwalimu akaniinamia sikioni akaniambia kuwa wale wanazungumza habari ya chanjo. Nikamwuliza watu humu bandani wanalia au hawalii. Akasema wanalia. Nikamwambia basi tafsiri ni sahihi, kaa chini.

Nilipomuuliza Katekista mwenyewe, hakuona haya hata kidogo. Alisema miaka arobaini amewaeleza watu maneno ya Mungu ambaye hajawahi kukaa naye mezani, sembuse ya Wazungu wanaoonekana.

Alikuwa na nadharia yake, na mimi ambaye sijui nadharia huliwa na nini naikumbuka mpaka leo. Alisema kila nchi inapata misukule wa hofu yake. "Wa Wazungu wanakula watu," alisema, "kwa sababu Mzungu anamwogopa jirani mwenye njaa. Wa kwetu wanalima, kwa sababu sisi tunamwogopa jirani mwenye shamba." Akatafuna karanga. Alikuwa na tabia ya kumwaga karanga za kukaanga ndani ya chai, anakunywa chai kwanza halafu anazivua karanga kwa kidole, moja moja, kama anaungamisha. Chai yangu alikunywa. Chakula changu hakuwahi kula, kwa sababu sikuwahi kumpa. Malipo yake nilimpa mlangoni.

Sasa usidhani alikuwa mtu jasiri. Zile filamu zilimtisha kuliko mtoto yeyote mle ndani. Msukule alipoanza kumkaribia mtu shingoni, Katekista alifumba macho, akaendelea kutafsiri kwa kukisia. Mara nyingi alimwua mtu ambaye bado yuko hai, au akamwombea marehemu anayekimbia. Watu walimngojea afumbue macho ajisahihishe, na hakujisahihisha. Alisema huyo anayekimbia hajui tu kwamba kesi yake imekwisha.

Aliogopa na mbwa. Baiskeli yake haikuwa na breki na aliishuka nayo milima ya Mbizi akiimba, lakini mbwa wa jirani yangu, aliyekuwa na meno matatu, alimfanya azunguke mtaa mzima.

Na sala hakuacha. Ikifika saa sita kamili, kengele ya kanisa ikilia, alisimamisha filamu pale pale ilipo. Msukule amefungua mdomo, damu inaning'inia, na sisi wote tumesimama, kofia mkononi, tunasali Malaika wa Bwana tukimtazama yule msukule, naye anatutazama. Wafanyabiashara Waislamu wa mjini, waliokuwa wakipanda kutafuta mahindi na kuingia kupumzisha miguu, walisimama nao kwa adabu. Mmoja aliniambia hajawahi kuona jini akisubirishwa vizuri namna ile. Sala ikiisha, Katekista alisema "Amina", akabonyeza, na shingo ikaliwa.

Padre alimwita. Alimuuliza inakuwaje asubuhi anahubiri kwamba misukule hawapo, na mchana anawaonyesha kwa kiingilio. Katekista alinisimulia mwenyewe jibu lake, na sidhani aliongeza chumvi, maana padre alimnunia mwezi mzima. Alisema: "Asubuhi nawaambia hawapo, Padre. Mchana nawaonyesha tunavyofanana nao."

Lakini kwenye msiba alikuwa mtu mwingine. Aliwazika watu wengi kuliko ninaoweza kuhesabu, na jambo moja alilisimamia kwa ukali: jeneza lilifunguliwa na kila mtu alipita akatazama. Tazama vizuri, alisema, kesho usije ukaniambia habari ya gogo la mgomba. Nakumbuka alivyomzika mama mmoja kijana aliyefia njiani akipelekwa kujifungua, mvua za mwezi wa tatu, gari limekwama tope mpaka asubuhi. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba amechukuliwa, wakamtazama bibi mmoja mwenye macho mekundu. Katekista akawageukia. Akasema aliyemchukua anamjua, ni ile barabara, na yeyote mwenye shoka na hasira aende akaipige barabara. Yule bibi alizikwa na Katekista huyo huyo, miaka mingi baadaye, kwa uzee wake, kitandani kwake. Watu wakapita wakatazama.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo, unategemea ukikwama wewe atakutetea kwa maneno yanayoeleweka. Sikia sasa.

Ilikuja filamu ya kiwanda cha nguo. Wafu wanaamka makaburini, lakini badala ya kula watu wanarudi kiwandani, wanakaa kwenye vyerehani vyao, wanashona. Hakuna aliyewaambia siku yao ya kazi imekwisha. Tajiri wa kiwanda, mnene, kofia kichwani, anapita katikati yao anafurahi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni napokea viingilio, na kofia yangu kichwani. Katekista akanitupia jicho, akaanza. Tajiri huyu, akasema, zamani alikuwa na mashine ya kusaga. Banda likacheka. Anacheka kwa pua, akasema. Likacheka zaidi, maana kweli nacheka kwa pua. Hajui Jumapili, watu wake wanalala juu ya magunia ya pumba, na akiwaita haiti mtu, anaita kazi. Nami nikacheka. Ungefanyaje?

Haukupita mwezi. Pale mashineni nilikuwa na mpakiaji, mtu mzima, mpole, amekaa nami miaka saba. Alitoka bondeni, Muze, na sisi wote tulimwita Muze. Anabeba gunia kichwani tangu asubuhi, unga umemfunika mpaka kope, masikio ameyaziba matambara kwa ajili ya kelele za injini. Maneno hana. Kulala analala chumba cha pumba, na ni yeye aliyetaka, huku kwetu mwezi wa sita baridi inauma na pumba zina joto. Nasema ilivyokuwa.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, ameshuka mama mmoja kutoka kwenye lori la mpunga la bondeni, akaja kusaga debe lake la mahindi. Akamwona mpakiaji wangu. Akaita jina. Yule hakusikia, ana matambara masikioni, akampita na gunia, mweupe kama chokaa. Mama akakaa chini kwenye vumbi akapiga ukelele uliozidi injini. Mpakiaji wangu alikuwa kaka yake. Nyumbani kwao walijua amekufa ziwani, Rukwa, mtumbwi ulikutwa peke yake, wakazika nguo zake na kumaliza matanga. Ukweli, kama alivyokuja kusema mwenyewe, ni kwamba aligombana na ndugu zake juu ya shamba, akaacha mtumbwi, akapanda mlima kwa miguu, akaapa hatatuma salamu. Lakini ukweli ulichelewa. Mtu aliyezikwa, mweupe, hasemi, analala kwenye pumba, anabeba mizigo ya tajiri. Na Jumapili chache nyuma filamu yake wameiona.

Kufikia saa nane mtaa mzima ulikuwa uwanjani, mwenyekiti wa mtaa ameketi kwenye kiti nilichomkopesha mimi. Wengine walitaka waitwe wale waganga wa kuteua wachawi, wanaoingia nyumba kwa nyumba kuchimba pembe chini ya vitanda. Nyumba wanazoteua nimeziona zilivyobaki, kuta bila bati. Mpakiaji alisimamishwa mbele akasema, "Mimi mzima." Mzee mmoja akasema hivyo ndivyo wanavyofundishwa kusema. Mwingine akasema lakini ulimi anao. Yule mzee akajibu kuwa amerudishiwa leo asubuhi.

Mke wangu alikuwa amekwisha kimbia kwa Katekista kumwomba aje aseme neno moja tu, kwamba misukule hakuna na mume wake si mchawi. Katekista akaja akisukuma baiskeli, taratibu, amezunguka kwa ajili ya mbwa. Watu wakampisha njia. Yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu wetu. Akanitazama mimi.

"Tajiri, huyu mtu anaitwa nani?"

"Muze," nikasema.

"Muze ni kijiji. Nimeuliza mtu."

Sikujua. Miaka saba, na sikujua. Kofia ikawa nzito kichwani. Katekista hakuningojea. Akawageukia wao: ninyi mliomtwika magunia yenu miaka saba, nani anamjua jina? Wewe mama, kila Jumamosi anakubebea mpaka mlangoni, anaitwa nani? Yule mama akatazama kanga yake. Dada mtu ndiye aliyejibu, bado analia: Kristofa. Katekista akasema, "Basi huyu tumemfuga wote. Nendeni nyumbani, hapa hakuna wa kumteua mwenzake."

Wakaenda. Bati langu likabaki juu ya nyumba. Kristofa akashuka na dada yake bondeni siku hiyo hiyo, na kila mavuno ananitumia salamu. Lakini angalia ujanja wa yule mtu. Hakusema mimi si mchawi. Aliligawa kosa kama mkate wa ibada, kila mtu kipande, na kubwa akaniachia mimi. Nilimfukuza kazi kesho yake. Akauliza kama chai ya mwisho ipo. Nikamwambia haipo. Halafu zikaja simu za kuangalia filamu kiganjani, na banda lenyewe likawa la kuwekea magunia.

Watu waliendelea kusaga kwangu, maana mashine nyingine iko mbali. Ila kula hawakula. Mama yangu alipofariki nilichinja ng'ombe mzima. Walikuja wote, walilia vizuri, walizika vizuri. Chakula kilipoletwa walisema wamefunga. Ilikuwa mwezi wa kumi. Nyama ile tuliwapa mbwa, na yule wa meno matatu ndiye mgeni pekee aliyeshiba msiba wa mama yangu.

Miaka sita nilikaa na jambo hilo kooni. Kwenda kumwomba mtu si desturi yangu. Mwaka jana, mwezi wa saba, mke wangu aliweka sufuria kubwa mbele yangu, lile la watu thelathini tulilonunua kwa ajili ya wageni, lina vumbi. Akasema amechoka kuwa na nyumba kubwa inayoogopwa, na kama mimi siendi kwa Katekista ataenda yeye, na akienda hatarudi leo. Nikachukua pikapu.

Nilimkuta uani amejifunika blanketi, anaota jua, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alinijua kwa mlio wa gari.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, Tajiri. Mashine inasaga?"

"Inasaga."

"Na Jumapili?"

"Jumapili inaanza saa saba, baada ya misa." Hilo nilikuwa nimelibadilisha mwenyewe, sikulazimishwa na mtu.

Akatikisa kichwa kama hakimu. Nikamwambia kilichonileta. Nataka aseme, kanisani, kwa sauti yake, kwamba mimi sifugi misukule. Akafikiri kidogo, anavua karanga kwenye kikombe chake cha chai. Akasema hawezi. Nikauliza kwa nini. Akasema nimemfanyisha kazi miaka yote ile na hajawahi kupita kizingiti changu, sasa atatoaje ushahidi wa nyumba asiyoijua? Nilitaka kuondoka. Kwa kweli nilishainuka. Halafu nikamwambia apande gari.

Nyumbani kwangu alikataa mlango ufungwe. Fungua na madirisha, alisema, mimi sioni, wacha wenye macho waone. Jirani wa kwanza akasimama uani, halafu wa pili, halafu nikaona vichwa vimejaa dirishani. Naye anapita na fimbo yake, anapiga chini ya kitanda changu cha ndoa, anapiga nyuma ya milango, anagonga mapipa. "Hapa kuna nini?" Pumba. "Za nani?" Za nguruwe. "Nguruwe ana jina?" Mtu akacheka dirishani. Akaingia mpaka chumbani kwa mke wangu, akachokonoa rundo la nguo akatangaza kwa ile sauti ya vigangoni kwamba amepata mwili, ni godoro la zamani. Wakacheka zaidi. Nilisimama pale kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, kipofu ananikagua, nimekunja ngumi ndani ya mfuko wa koti. Mke wangu alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka mbele za watu tangu mwaka ule.

Alipomaliza akakaa kwenye kiti changu, kile changu hasa. Wote wakangoja aseme. Mimi nilingoja kuliko wote.

"Ukaguzi unachosha," akasema. "Nina njaa."

Mke wangu akaleta ugali wa ulezi na migebuka ya Kabwe, akamnawisha. Katekista akamega, akachovya, akala. Watu walikuwa wamekwisha ingia sebuleni bila mimi kuona ni saa ngapi, wanamtazama koo linavyopanda na kushuka. Akamega tena. Akanyanyua uso kuelekea walipo.

"Ngojeni kidogo," akasema, mdomo umejaa. "Nikigeuka msukule, mtaona wenyewe."

Wakangoja. Akala samaki wa kwanza mpaka mfupa. Akala wa pili. Kisha yule mama wa kanga, aliyebebewa unga kila Jumamosi, akavua viatu, akakaa mkekani, akanyoosha mikono yake kwa mke wangu ili amwagiwe maji. Akafuata mumewe. Akafuata yule mzee wa ulimi uliorudishwa, tena yeye akauliza kama pilipili ipo.

Neno nililolitaka hakulisema, na mpaka leo hajalisema. Mke wangu aliutazama ule ugali, akawahesabu watu, akaenda jikoni kuosha sufuria kubwa.